Mayai ya Salima na Mashine ya Sauda

Kuku anayeatamia hakimbii. Ndiyo maana walimkamata yeye.

Siku ya kuanua tanga la mke wangu Salima, nyumba yetu hapa Kiranjeranje ilijaa watu mpaka uani, na kila mtu alikuwa na kazi isipokuwa mimi. Shughuli yote ilikuwa mikononi mwa shemeji yangu Haruna, kaka wa marehemu, ambaye pia ndiye mwenyekiti wetu wa kitongoji. Mtu akishazoea kuongoza, hata msiba anauongoza. Wewe chota maji, wewe pasua kuni, wewe usipite hapo. Nyama ya mbuzi ilikuwepo ya kutosha, lakini Haruna akasema sahani ya walimu waliokuja kusoma hitma haiwezi kwenda bila kuku. Akamtuma mpishi akatafute.

Atafute wapi? Kuku wa kijiji kizima walikuwa wamekufa kwa mdondo. Chanjo tuliyoahidiwa na bwana mifugo mpaka leo iko njiani, sijui inatembea kwa magoti. Kwetu alikuwa amesalia jogoo mmoja, mwenye mbio kama mwizi wa korosho, na kishingo wa Salima.

Kishingo ni kuku asiye na manyoya shingoni. Salima alipoolewa alikuja na mbegu yake kutoka kwao Kiswere, kuku wawili ndani ya tenga, na tangu hapo uwanja wetu haujakosa shingo tupu. Wenzake walimtania, "Mama Sauda, kuku wako wananyolewa wapi?" Yeye aliwajibu, "Kwa kinyozi wa mumeo." Wiki moja kabla hajaanguka alimwekea kishingo wake mayai kwenye chungu kibovu pembeni ya jiko. Kila yai alilichora mkaa kwa kidole, mstari mmoja mfupi, ili akija kuku mwingine akatagia humo humo ajue yapi ya kutotolewa na yapi ya kukaanga.

Mimi niliingia jikoni kutafuta maji ya kunywa. Nikaona chungu, nikaona mayai, kuku hayupo.

"Nani kamtoa kuku hapa?"

Mpishi hakuinua hata kichwa. "Mwenyekiti kaagiza."

"Mwenyekiti aliona anaatamia?"

"Mzee Fakihi, huyo ndiye aliyetulia. Yule jogoo tungemkimbiza mpaka walimu waondoke na njaa."

Nilisimama pale. Nilimfikiria Salima kwenye benchi la kituo cha afya, ametulia, hakupiga kelele hata kidogo, anasubiri gari la wagonjwa. Gari lilikuwa limetumwa kubeba viti vya mkutano wa mkubwa mmoja. Waliopiga kelele siku ile walipata la kuwasaidia, hata pikipiki. Waliotulia wakaachwa wametulia.

Nikayakusanya mayai kwenye pindo la kanzu, yalikuwa bado na uvuguvugu, nikaingia ndani kama mtu aliyeiba.

Chumba cha mbele ni cha Sauda, binti yetu. Humo anawachapia watu kadi za harusi na barua za maombi ya kazi, kwa kompyuta ya mezani, kuukuu, aliyoinunua Lindi mjini, dukani kwa Abizer. Siku ile ya hitma mashine ilikuwa inasoma Kurani tangu asubuhi, spika zimeelekezwa dirishani ili wanawake wa uani wasikie. Nikakaa sakafuni, uso ukutani, watu wasinione nimekumbatia mayai. Ndipo nikahisi kitu kinanipumulia mkononi. Nyuma ya boksi la mashine kuna tundu lenye feni ndogo, na pale tunduni palikuwa panatoka hewa ya moto wa kadiri, kama pumzi ya mtu mwenye homa nyepesi.

Nikatafuta kikapu, nikatandika sufi, nikayapanga mayai, nikafunika na kanga ya Salima. Nikakiweka kikapu pale panapopumua.

Wageni walipoondoka, kisomo kikaisha. Nilikuwa bado nimekaa. Baada ya muda kidogo kioo kikawa cheusi, boksi likanyamaza, na ile pumzi ikakatika. Nikaweka kiganja: baridi. Nikagusa kile kidude wanachokiita kipanya, mashine ikaguna, feni ikaanza tena. Nikaketi. Ikazima tena. Nikagusa tena.

Tangu Salima afe mimi sikuwa mtu wa kukaa. Nikikaa miguu inawasha. Nakwenda mlangoni narudi, nakwenda kisimani bila ndoo, nafika ndio nakumbuka. Sasa mashine ikanipa kazi ya kunifaa. Kila ikisinzia, naigusa. Natoka mpaka mlangoni, nasikia imenyamaza, narudi mbio naigusa.

Sauda alinikuta hivyo.

"Baba, unafanya nini na kipanya changu?"

"Nakiamsha."

Akainama, akaona kikapu. Akafunua kanga ya mama yake, akaifunika tena polepole.

"Baba."

"Nini?"

"Kompyuta si kuku."

"Na kuku si kitoweo cha mwenyekiti. Lakini kaliwa."

Akakaa kwenye kiti chake cha kazi. Nilijua analia, nikageukia ukuta. Aliponyamaza akanieleza kwamba mashine haizimi kwa ubovu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipangia ilale isipoguswa, kwa sababu umeme wa luku unakwisha upesi, na kwa sababu Abizer alimwambia feni ni ya zamani. Mashine ikikesha inaweza kuungua.

"Ikiungua hii, Baba, mimi nitachapa na nini? Nitaandika kadi za harusi kwa mkaa?"

"Mama yako aliandika kwa mkaa."

"Usinifanyie hivyo," akasema. "Mimi pia nayataka hayo mayai. Lakini na mashine naitaka."

Nikakigusa kipanya.

Akawaza kidogo. "Tuiachie kisomo. Ikiwa inasoma hailali."

"Mchana na usiku?"

"Si kisomo tu?"

"Kurani haisomwi kwa ajili ya kupasha mayai joto, Sauda. Tuna dhiki, lakini hatujafika huko."

Hapo akacheka, kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu tumzike. Akampigia simu Abizer, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo Mzee Fakihi! Poleni sana na msiba. Mke wangu Alifiya yuko hapa, anawapa pole. Mama Sauda alikuwa mtu wa watu."

"Marahaba. Tumeshapoa. Nataka mashine isilale."

"Isilale kwa kazi gani?"

Sauda akamwambia. Upande wa pili nikasikia Abizer anamweleza mkewe kwa lugha yao, na mkewe anasema kitu kirefu. Nikajiandaa kukasirika. Wenye maduka nawajua.

"Mke wangu anauliza, ni kuku wale wa shingo tupu? Mama Sauda aliwahi kutuletea mmoja." Akakohoa. "Haya, Sauda, fungua pale penye mipangilio ya umeme. Mzee, nisikilize na wewe. Kioo na boksi ni vitu viwili. Kioo kinakula umeme na mayai hayakitaki. Kioo kizime upesi, hata dakika moja. Boksi ndilo lisilale kamwe."

"Kamwe ipo?" nikauliza.

"Ipo, imeandikwa kabisa. Halafu mashine ina kulala kwa namna mbili, zote mbili ziondoe. Kuna kulala kidogo, inafumba macho, ukigusa inaamka. Na kuna kulala fofofo, inaweka kazi zake zote kabatini na kujizima. Hiyo ya pili usipoiondoa itakuja kukuvizia baada ya masaa."

Sauda akabofya, mimi nimesimama begani kwake. Herufi sizijui vizuri, niliishia darasa la nne, lakini niliona vile vijisehemu vinavyobadilika na nikamfanya anisomee kila kimoja mara mbili.

"Sasa nguvu," akasema Abizer. "Kuna kubana umeme, kuna wastani, kuna nguvu zote. Kwenye kubana inakuwa ya baridi. Kwenye nguvu zote inachemka. Ipi inafaa mayai, mimi sijui, mimi nauza mashine. Ila msizibe tundu. Kikapu kikae mbali kidogo, mkiiziba pumzi mtaua mashine na mayai pamoja. Na Sauda, toa vumbi kwenye feni leo hii, kwa brashi."

Ipi inafaa? Hapo ndipo Salima alipokuwa anahitajika. Nikakumbuka alivyokuwa anafanya: analitoa yai chini ya kuku, anafumba jicho, analigusisha kopeni. Likikupoza, kuku anazurura sana. Likikukera, liko kwenye jua. Usipolihisi kabisa, ni kama sehemu ya mwili wako, basi liko sawa.

Sauda akaweka kubana umeme. Tukangoja, nikafumba jicho. "Linapoza." Akaweka nguvu zote. Feni ikavuma kama mashine ya kusaga. Tukangoja. "Linakera." Akaweka wastani. Safari hii akalichukua yeye, akafumba jicho lake, akakaa nalo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Silihisi," akasema.

Ikawa wastani mchana, na usiku upepo wa pwani ukiingia, nguvu zote. Mimi nikawa mgeuzaji. Yai lisipogeuzwa, kifaranga anaganda upande mmoja. Mstari wa mkaa ulinisaidia: asubuhi mstari juu, mchana mstari chini. Sauda alichapa kadi zake na mimi nikizunguka chumbani, natoka, naingia, nachungulia taa ya boksi. Hata baada ya kuambiwa haitalala sikuamini. Mambo mangapi nimeambiwa? Nikipita nakigusa kipanya. Maandishi ya Sauda yanaruka.

"Baba! Umemwozesha bibi harusi kwa baba mkwe wake! Kaa chini!"

"Siwezi."

"Basi nenda kapige soga kibarazani."

"Nikiondoka itazima."

"Nimeweka kamwe, Baba. Kamwe!"

Sauda aliandika kamwe. Wenye umeme hawakuandika.

Ilikuwa siku ya mvua, mayai yakiwa yamekaribia kuanguliwa. Nikiyaweka sikioni niliweza kusikia kitu ndani ya baadhi yake, kama mtu anayekuna ukuta wa jirani. Haruna akaja asubuhi hiyo amevaa koti lake la mikutano, kitambi kimetangulia, anataka Sauda amchapie tangazo la mkutano wa hadhara. Hatukuwa tumeongea tangu hitma. Alinisalimia, nikamjibu nusu.

"Shemeji, bado una kinyongo?"

"Chapiwa tangazo lako uende."

Sauda akaanza kuchapa. Kwetu mawingu yakijikusanya tu, umeme unaondoka. Waya za nguzo zile zimelegea tangu zilipofungwa na tumesema mpaka tumechoka. Radi ikapiga moja mbali sana, kwa upande wa Kiswere. Kioo kikazima, feni ikazunguka mara chache, ikanyamaza.

"Tangazo langu!" akasema Haruna.

"Limekwenda, Mjomba," akasema Sauda. "Sikuwahi kulihifadhi."

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye kikapu. Baridi ya mvua ilikuwa inaingia kila upande. Nikafungua shati, nikaanza kuyaweka mayai tumboni, juu ya ngozi, nikafunga na kanga. Tumbo langu ni ubao. Mawili yakateleza, Sauda akayadaka. Yakaingia nusu yake. Nusu ikabaki kikapuni inapoa.

Sauda akamtazama mjomba wake. Mimi nikamtazama. Yule bwana, koti limefungwa vifungo vyote, na ndani ya koti lile joto la serikali.

"Kaa chini, Haruna," nikasema.

"Nina mkutano, shemeji."

"Ulimchinja mama yao. Kaa."

"Mimi nilijua? Niliagiza kuku, sikuagiza kuku anayeatamia!"

"Ndivyo mnavyoagiza siku zote. Mnaagiza mkiwa kibarazani."

Angeondoka. Nilimwona anageuka. Lakini Sauda alikuwa ameshalichukua yai moja, amemwekea kiganjani, na Haruna akaliangalia. Akaugeuza ule mstari wa mkaa kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu ni mkono wa Salima," akasema.

"Wa nani tena?" nikasema.

"Alikuwa akichora hivi tangu mdogo. Mama alimfundisha msalaba wa mkaa, yeye akawa mvivu, anapiga mstari mmoja. Anachapwa, na kesho anapiga mstari mmoja." Akalirudisha kwenye mwanga. "Hawa ni kuku wa kwetu."

"Ni wa kwenu, Mjomba," akasema Sauda. "Na wewe ndiye uliyebaki kwenu."

Haruna akavua kofia. Akafungua vifungo vya koti, akafungua na shati, akakaa kwenye kiti cha Sauda, na mpwa wake akampangia mayai kwenye kitambi moja baada ya jingine kama anayepanga maandazi. Yakaingia yote na nafasi ikabaki.

"Usicheke," akaniambia.

"Sicheki."

"Unacheka."

"Kitambi hicho kinatosha kuku watatu. Leo nimejua kazi yake."

Sauda alitoka nje mvuani akicheka, nadhani na kulia.

Tukakaa, mimi sakafuni na yeye kitini. Watu wawili wazima, shati wazi, hatuwezi kusimama, hatuwezi hata kupiga chafya vizuri. Miguu ilianza kuniwasha kama kawaida. Nikasema nitainuka kidogo tu, nichungulie barabarani kama nguzo imeanguka. Haruna akasema, "Ukiinuka na mimi nainuka." Sikuinuka. Mvua ikapiga bati. Watu wake walikuja mara mbili kumwuliza mkutano, Sauda akawajibu mlangoni kwamba mwenyekiti ana shughuli ya kifamilia na hawezi kuonekana.

Nilimwambia habari ya gari la wagonjwa na viti. Sikupanga kumwambia. Nilimwuliza kama alijua.

"Nilijua viti," akasema baadaye sana. "Gari sikujua."

"Ungejua ungefanya nini?"

Nilitaka anidanganye, ili nipate cha kumchukia vizuri. Hakunidanganya, wala hakuniomba radhi. Akasema tu, "Yai hili linatembea."

"Wapi?"

"Hapa, chini ya kitovu. Shemeji, linatembea! Linanitekenya!"

Sauda akaja mbio, akalitoa. Lilikuwa limetoboka, tundu dogo kama la sindano ya kushonea magunia, upande ule ule wa mstari. Na ndani ya tundu ncha ya mdomo inapumua.

Umeme ulirudi jioni, bila samahani, kama ulivyoondoka. Mashine ikawashwa, kikapu kikarudi mahali pake. Haruna akafunga shati na koti na kwenda zake bila tangazo. Mayai mengine hayakutoa kitu. Niliyavunja siku zilizofuata, yalikuwa yameoza, au vifaranga wamefia ndani wakiwa wameshakamilika. Siwezi kusema ni ya tumboni kwangu au ya kwake, yalikuwa yamechanganyika. Lakini waliotoka walitosha kufanya kelele, na kati yao watatu wana shingo tupu, nyekundu, mbaya kutazama. Sauda aliokota maganda yenye mstari wa mkaa, akayaweka kwenye bilauri dirishani. Sikumwuliza ya nini.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alifanya mkutano wake. Mimi sikwenda, ila sauti yake inafika mpaka kwetu, hahitaji spika. Alizungumzia maji, akazungumzia barabara, kisha akawaambia wananchi kuwa baada ya janga la mdondo, uongozi wa kitongoji umeanza kurejesha kuku wa asili, na kwamba yeye binafsi ameshiriki kuwatotoa. Binafsi! Watu wakampigia makofi.

"Baba, nenda ukamkatalie," akasema Sauda, anacheka.

"Aliwatotoa kweli," nikasema. "Kwa hilo sina la kumpinga."

Akageukia mashine yake. Vifaranga wameshahamia jikoni kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto, mashine haina tena wa kumlea. Akafungua ile mipangilio, akanisomea kila kimoja mara mbili, kama nilivyomzoesha: kioo kizime baada ya muda, boksi lilale baada ya muda, nguvu irudi kwenye kubana umeme. Akaniuliza kama naridhia. Nikasema ni mashine yake.

Akatoka kwenda kuwapa vifaranga chenga za mchele. Nilibaki. Kioo kikawa cheusi. Boksi likanyamaza, ile pumzi ikakatika, na chumba kikawa kimya kama siku ile ya hitma. Nikasimama. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikanyoosha kidole, nikakigusa kipanya, mashine ikaguna na kuwaka.

"Baba!" akapiga kelele Sauda kutoka jikoni. "Nimekusikia!"